Mkalimani, Mpira wa Mkojo na Muda wa Nyongeza

Amber Tatro alikuwa na miaka mitatu na nusu wazazi wake walipoiomba wilaya ya shule ya Irving, jimbo la Texas, imsaidie kukojoa. Alizaliwa mwaka 1976 akiwa na mgongo wazi, na kibofu chake hakikuweza kujimwaga chenyewe. Kila baada ya saa tatu au nne ilibidi mtu amwingizie mpira mwembamba, mkojo utoke, mpira utolewe. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Asiye muuguzi anaweza kufundishwa akaimudu ndani ya saa moja. Nyumbani kwao mama aliijua, baba aliijua, yaya aliijua, na kaka yake ambaye bado alikuwa kijana mdogo aliijua pia.

Shule ilikubali kumpokea Amber. Ilimwandalia mpango wa masomo, ikamwekea na mazoezi ya viungo. Kitu kimoja tu ilikataa, nacho ni mpira. Ilisema hayo ni matibabu, na fedha za elimu hazitolewi kwa matibabu. Neno hilo moja lilitosha kumbakiza nyumbani, maana hakuna mtoto awezaye kukaa shule siku nzima bila kukojoa. Wazazi walikwenda mahakamani mwaka 1979. Kesi ikapanda na kushuka, na ilipofika mwisho wake katika Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1984, Amber alikuwa na miaka minane.

Sura hii inahusu swali ambalo kila nchi yenye shule hulazimika kulijibu: katika vyote anavyohitaji mwanafunzi mwenye ulemavu, kipi ni haki kulipiwa na fedha za elimu, na kipi kiachwe kwa familia, kwa hospitali au kwa wafadhili? Nimeanzia Marekani kwa sababu huko ubishi huu ulifika mbele ya majaji, na majaji hulazimika kuandika sababu zao. Tunaweza kuzisoma, tukaona walipopatia na walipoteleza. Kwetu uamuzi kama huo mara nyingi hutolewa kwa mdomo, mlangoni mwa ofisi, na mzazi huondoka bila karatasi yoyote mkononi.

Sheria aliyoitegemea Amber ilitiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975. Bunge lao lilikuwa limebaini kwamba nchi ina watoto zaidi ya milioni 8 wenye ulemavu, na kwamba milioni 1 kati yao walikuwa nje kabisa ya shule za umma. Sheria ikaahidi kila mmoja wao elimu ya umma, ya bure na inayomfaa. Pamoja na masomo yenyewe iliahidi huduma za kumwezesha mtoto kunufaika nayo, kama vile usafiri, tiba ya usemi na mazoezi ya viungo. Kwa upande wa matibabu iliweka mpaka: shule itagharimia uchunguzi na tathmini tu. Irving iling'ang'ania mpaka huo.

Majaji waliipa haki familia ya Amber. Huduma inayohitaji daktari, walisema, ndiyo matibabu. Ile inayoweza kutolewa na muuguzi wa shule au mtu yeyote aliyefundishwa ni huduma ya shule. Walikumbusha kwamba wauguzi wa shule walikuwa wakiwapa watoto wengine vidonge, na hata sindano za dharura, miaka nenda miaka rudi, wala hakuna aliyedai kwamba shule zimegeuka hospitali. Kisha wakatoa hoja ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote: huduma inayomwezesha mtoto kubaki shuleni mchana kutwa haina tofauti na ile inayomwezesha kufika shuleni, kuingia au kutoka. Ngazi zikimzuia, tunajenga mteremko. Kibofu kikimzuia, tunaleta mpira.

Tazama walivyofanya. Wilaya ilikuwa imeukazia macho mpira: unauzwa duka la dawa, unatumika wodini, kwa hiyo ni wa hospitali. Majaji waliacha kukitazama kifaa, wakazitazama saa za shule. Waliuliza mtoto huyu atapoteza nini asipopewa, na jibu likawa fupi: atapoteza shule yote.

Miaka miwili kabla ya hapo mahakama hiyohiyo haikuuliza hivyo, na aliyeumia ni Amy Rowley.

Amy alikuwa kiziwi, mtoto wa wazazi viziwi, mwanafunzi wa darasa la kwanza katika shule ya Furnace Woods, wilaya ya Hendrick Hudson, jimbo la New York. Alisoma midomo vizuri sana. Shule ilimpa kifaa cha kukuza sauti kilichonasa maneno ya mwalimu kwa mawimbi ya redio, mwalimu wa viziwi kwa saa moja kila siku, na mtaalamu wa usemi kwa saa tatu kila wiki. Wazazi wakaomba kitu kimoja zaidi: mkalimani wa lugha ya alama katika masomo ya darasani. Amy alipokuwa chekechea mkalimani alikuwa amewekwa kwa majaribio ya wiki mbili, akaripoti kwamba kwa wakati ule mtoto hakumhitaji. Shule ikaishikilia ripoti hiyo.

Mtu asiyewahi kutegemea midomo ya watu anaweza kudhani kwamba anayeisoma vizuri hakosi kitu. Basi keti kwenye dawati la mtoto kiziwi. Mwalimu anaeleza huku anaandika ubaoni. Amewapa watoto kisogo, na midomo imekwenda naye. Anauliza swali, mtoto wa nyuma anajibu, darasa zima linacheka. Ageuke upande gani? Akija kumpata aliyesema, jibu limekwisha na mwalimu yuko kwenye jambo jingine. Akiinama kuandika alichoelewa, sentensi inayofuata inampita. Jaji Byron White, mmoja wa majaji watatu waliopinga hukumu ya kesi hii, aliandika kwamba bila mkalimani Amy alielewa chini ya nusu ya yaliyosemwa darasani.

Lakini Amy alikuwa akifaulu. Alipanda darasa bila shida, alama zake zilizidi za wenzake wengi, na hilo ndilo lililomponza. Tarehe 28 Juni 1982, kwa kura sita dhidi ya tatu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba shule haidaiwi mkalimani. Jaji William Rehnquist alieleza kwamba sheria haikuahidi kumfikisha mtoto kwenye upeo wa uwezo wake. Inatosha kwamba ananufaika, na kwa mtoto aliye katika darasa la kawaida, kufaulu na kupanda darasa ni kipimo kizuri cha manufaa hayo. White alijibu kwamba kwa kipimo hicho mtoto aliyezaliwa kiziwi angeweza kupewa mwalimu mwenye sauti kubwa, ikahesabika kwamba amesaidiwa.

Nakubaliana na White, na hukumu ile inaniudhi hadi leo. Iligeuza bidii ya mtoto kuwa ushahidi dhidi yake. Amy alipata alama nzuri kwa kufanya kazi ambayo hakuna mwenzake aliyelazimika kuifanya: kuunganisha nusu aliyoisikia na nusu aliyoikisia, kila siku, kuanzia kengele ya asubuhi. Angekuwa mvivu akafeli, hoja yake ingekuwa na nguvu zaidi. Mfumo unaomsaidia mtoto aliyekwisha kuanguka tu unamfundisha kila mzazi mwenye akili asubiri mwanawe aanguke. Nimesikia hoja hiyohiyo ikitolewa kwa Kiswahili, na watu wasio na nia mbaya: huyu mbona anaweza, tumpe asiyeweza.

Wakili wa Amy, Michael Chatoff, naye alikuwa kiziwi, na alikuwa wakili kiziwi wa kwanza kusimama mbele ya mahakama hiyo. Siku ya kusikilizwa kesi aliwekewa skrini, na maswali ya majaji yalichapwa papo hapo ili ayasome na kuyajibu. Hakuna jaji aliyemwambia asome midomo yao. Walifahamu kwamba wakili asiyepata kila neno hawezi kufanya kazi yake. Ufahamu huo haukumfikia mteja wake, na kazi yake yeye ilikuwa kujifunza kusoma na kuhesabu. Familia ilikuja kuhamia New Jersey, na huko Amy akapata mkalimani. Alisoma hadi shahada ya uzamivu, akawa profesa wa lugha ya alama.

Kipimo cha Rowley kilitawala kwa miaka 35, na mahakama nyingine zilizidi kukipunguza hadi zikafika mahali pa kusema kwamba manufaa yoyote yaliyozidi kidogo kisicho na maana yanatosha. Kesi iliyosimamisha upunguzaji huo ilitoka Douglas County, Colorado. Ni ya mtoto mwenye usonji aliyetajwa kwa jina la Endrew F. Wazazi wake waliona mpango wa shule unarudia malengo yaleyale mwaka hata mwaka, wakamhamishia shule binafsi, akaanza kupiga hatua, wakadai kurudishiwa ada. Tarehe 22 Machi 2017 majaji wote wanane walikubaliana: mpango wa mtoto lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali yake, uwe na malengo ya kumvuta mbele. Hawakufuta Rowley. Walikataa tu kwamba elimu ya mtoto inaweza kupimwa kwa kuuliza kama imezidi sifuri.

Mpaka hapa sijasema lolote kuhusu gharama. Mpira wa Amber ulikuwa rahisi. Mkalimani wa Amy alikuwa mshahara wa mtu mmoja. Tuje sasa kwa Garret Frey wa Cedar Rapids, Iowa, maana hapo ndipo hoja nzuri hupimwa kama zina mifupa.

Garret aliumia katika ajali ya pikipiki akiwa na miaka minne. Uti wa mgongo ulikatika, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini, lakini akili yake haikuguswa. Alizungumza. Aliendesha kiti mwendo kwa kupuliza na kunyonya mrija, na kompyuta kwa kusogeza kichwa. Darasani alifanya vizuri. Alichohitaji ni mtu wa kuwa karibu naye wakati wote: mashine ya kupumulia iangaliwe, makohozi yafyonzwe kooni, mpira wa mkojo uwekwe mara moja kwa siku, na mashine ikigoma, mtu ashike mfuko wa hewa na kumpumulisha kwa mkono. Miaka ya kwanza ya shule familia ililipa yenyewe, kwa fedha za fidia ya ajali na za bima. Mwaka 1993 mama yake akaiomba wilaya ichukue mzigo huo. Kumwajiri muuguzi kungegharimu maelfu ya dola za ziada kwa mwaka.

Wilaya ilikuja na hoja ya ustadi. Haikusema kwamba Garret hastahili. Ilipendekeza mizani yenye vigezo kadhaa: je, huduma ni ya mfululizo au ya mara moja moja, je, wafanyakazi waliopo wanaweza kuitoa, je, ni ghali kiasi gani, je, ikikosewa madhara yake ni yapi. Kila kigezo kikisimama peke yake kina akili. Vikijumlishwa, jibu ni lilelile: anayehitaji sana ndiye anayekosa. Tarehe 3 Machi 1999, kwa kura saba dhidi ya mbili, mahakama ilikataa mizani hiyo. Jaji John Paul Stevens aliandika kwamba wilaya inaweza kuwa na wasiwasi wa haki kuhusu fedha, ila sheria haikuweka bei katika maana ya huduma ya shule. Muuguzi anayemwezesha Garret kukaa darasani ni wa jamii moja na mpira wa Amber. Tofauti ni ankara.

Jaji Clarence Thomas alipinga, na hoja yake haifai kupuuzwa. Majimbo yanapopokea fedha kutoka serikali kuu kwa masharti, alisema, yana haki ya kujua mapema masharti hayo ni yapi, na hakuna aliyeyaambia kwamba yatalipa muuguzi wa siku nzima. Ukikaa kwenye kiti cha mweka hazina wa wilaya ndogo utamwelewa. Mwaka 1975 serikali kuu iliahidi kwamba mchango wake utapanda hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi mmoja, kwa kila mtoto mwenye ulemavu. Ahadi hiyo haijatimizwa hata mwaka mmoja. Ford alionya siku alipotia saini kwamba sheria inaahidi zaidi ya uwezo wa serikali kuu, na kisha serikali kuu ikaziachia wilaya deni hilo.

Kwa hiyo sisemi kwamba gharama si kitu. Muuguzi wa Garret alilipwa kutoka mfuko uleule unaonunua vitabu vya wenzake. Ninachosema ni kwamba ubishi wa fedha upelekwe kwa mwenye fedha, kwa jina lake, hadharani. Wilaya iliyopungukiwa iseme imepungukiwa, na imdai aliyeahidi asilimia 40. Inachofanya mara nyingi ni kugeuza upungufu wa hazina kuwa shaka juu ya mtoto: labda hahitaji, labda si elimu, labda wazazi wanazidisha. Mtoto hana jibu kwa shaka ya namna hiyo, kwa sababu haikutokana naye.

Na shaka ikishaingia, nani abebe mzigo wa kuiondoa? Mwaka 2005 mahakama hiyo iliamua, katika kesi ya Schaffer dhidi ya Weast, kwamba anayelalamikia mpango wa shule ndiye athibitishe kuwa haufai. Mlalamikaji karibu siku zote ni mzazi. Mwaka uliofuata, katika kesi ya familia ya Murphy, iliamua kwamba mzazi hata akishinda harudishiwi fedha alizomlipa mtaalamu aliyemsaidia kuthibitisha. Ziunganishe hukumu hizo mbili uone zinawaangukia nani. Shule ina wanasaikolojia wake, ina mawakili, ina mafaili. Mzazi mwenye uwezo atamlipa mtaalamu wake. Asiye nacho atakwenda kueleza kwa maneno yake jinsi mwanawe anavyorudi nyumbani akilia, na maneno hayo hayahesabiki kuwa ushahidi wa kitaalamu.

Watetezi wa uthibitisho mkali husema tukilegeza, wadanganyifu watajaa. Wadanganyifu wapo kweli. Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani walifichua mtandao wa William Rick Singer, mshauri wa kuombea watu nafasi za vyuo. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kuwaelekeza matajiri wawapeleke watoto wao kwa mtaalamu, wapimwe kwa maelfu ya dola, watoke na cheti cha tatizo la kujifunza. Kwa cheti hicho mtoto aliongezewa muda wa mtihani, akaruhusiwa kuufanyia katika kituo ambacho Singer alikuwa ameshakihonga, na huko majibu yakasahihishwa. Mwigizaji Felicity Huffman alikiri kulipa dola 15,000, akahukumiwa kifungo cha siku 14.

Wengi walisoma habari ile wakasema: unaona, muda wa nyongeza ni ulaghai, kazeni masharti. Mimi nasoma kinyume. Waliodanganya walikuwa na karatasi zote, zenye mihuri yote. Karatasi ndicho kitu walichoweza kununua. Masharti yakikazwa, tajiri atalipa zaidi kidogo, na mtoto wa dereva wa lori mwenye disleksia ya kweli, ambaye hajawahi kupimwa kwa sababu kupimwa ni ghali, ndiye atakayefungiwa mlango. Udanganyifu ukamatwe, na sheria za jinai zipo, ila usiwe sababu ya kumfanya kila anayeomba mshukiwa.

Uingereza walijikwaa kwenye jiwe jingine. Wanafunzi wao wa vyuo wenye ulemavu hupata posho maalumu ambayo haiangalii kipato cha familia wala hairudishwi. Aprili 2014 waziri wa vyuo vikuu, David Willetts, alitangaza kuipunguza, na kompyuta ikawa miongoni mwa vilivyolengwa, kwa hoja kwamba siku hizi karibu kila mwanafunzi anayo. Tangu Septemba 2015 mwanafunzi anayehitaji kompyuta hulipa mwenyewe pauni 200 za kwanza. Hoja ina ukweli ndani yake: fedha ya ulemavu isinunue kile ambacho kila mtu hujinunulia. Lakini kwa mwanafunzi asiyeona, kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti ndiyo kitabu, ndiyo daftari, ndiyo maktaba yake. Mwenzake akiharibikiwa na kompyuta atakwenda kusoma kitabu cha karatasi. Yeye hana pa kwenda. Kifaa kimoja kina kazi mbili tofauti mikononi mwa watu wawili, na anayekagua orodha ya vifaa peke yake hawezi kuliona hilo.

Nilikuwa nikisoma kesi hizi huku nikifikiria chupa ya losheni. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, yanaitwa Kilisun. Mtoto mwenye ualbino asiyejipaka huungua, na miaka ikipita kuungua huko huzaa saratani ya ngozi. Je, losheni hiyo ni ya bajeti ya afya au ya elimu? Ukiiangalia chupa utasema afya, maana imetoka hospitali. Sasa iangalie ratiba ya shule ya kijijini. Mstarini asubuhi, juani. Usafi wa mazingira, juani. Michezo, juani. Mtoto huyu ama anakwenda na wenzake akaungua, ama anaachwa darasani peke yake, ama habanduki nyumbani siku za kiangazi. Haihitaji daktari kumpaka, atajipaka mwenyewe. Kwa kipimo kilichomwokoa Amber, losheni ni kifaa cha shule sawasawa na chaki.

Jua si adui yake peke yake. Wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na ubao kwao ni ukungu hata wakiketi mstari wa mbele. Baraza la Mitihani la Tanzania limelielewa jambo hili kwa upande wake. Huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa. Ni utaratibu mzuri na nautetea. Unaniachia swali moja tu zito. Mtoto aliyepewa karatasi yenye herufi kubwa siku ya mtihani wa darasa la saba, alisomea kitabu cha herufi gani miaka saba iliyotangulia? Muda wa nyongeza haumrudishii maneno ambayo hakuwahi kuyaona.

Sheria kwetu hazikosekani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Haikusema vifaa vya hospitali wala vifaa vya shule. Ilianzia kwenye kikwazo, na ndipo pa kuanzia. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009.

Mkataba huo unataka mtu afanyiwe marekebisho yanayomfaa, mradi yasiwe mzigo uliopita kiasi kwa anayeyafanya. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango ambao ofisi nyingi hutokea. Kamati inayosimamia mkataba iliuziba kwa kiasi mwaka 2018, iliposema kwamba anayedai mzigo umepita kiasi ndiye athibitishe. Hapo sisi, kwa tafsiri hiyo ya mkataba tuliouridhia wenyewe, tumewapita majaji wa Schaffer. Mzazi wa Singida au wa Kitui hadaiwi kuthibitisha kwamba serikali ina fedha. Ofisi iliyokataa ndiyo inayodaiwa kuonyesha hesabu.

Kwa vitendo hali ni nyingine. Mwanafunzi wa Tanzania anayeomba mkopo wa elimu ya juu kwa kigezo cha ulemavu hutakiwa kupeleka uthibitisho wa mganga mkuu wa mkoa au wa wilaya. Uthibitisho ni sawa uwepo. Lakini daktari atakuambia jina la hali na kiwango cha jicho. Hatakuambia kwamba ukumbi wa mihadhara wa chuo hicho una projekta hafifu, au kwamba maktaba iko ghorofa ya pili bila lifti. Anayejua hayo ni mwanafunzi mwenyewe, na mwalimu aliyekaa naye. Fomu zetu zinamuuliza mtu ana nini. Hazimuulizi anakosa nini, saa ngapi, katika somo gani.

Kwa hiyo mzazi unayejaza fomu hizo, usiishie kwenye jina la ugonjwa. Chukua ratiba ya mwanao, pita kipindi kwa kipindi, uandike: Hisabati: haoni ubao, hunakili kwa jirani; michezo: hatoki nje; maabara: hafiki mezani. Hata kama fomu haina nafasi, ambatanisha. Mwalimu, tia saini yako chini ya maelezo hayo, kwa sababu wewe uliyaona.

Na wewe mwenye muhuri, ofisa elimu, mkuu wa chuo, mjumbe wa bodi: uliza maswali yako yote, ni kazi yako. Ukikuta fedha hazitoshi, sema hazitoshi, usiseme mtoto hahitaji. Na ukikataa, andika sababu, weka tarehe, tia saini, umpe mzazi nakala.